Mvamizi ni nani? Maneno ya dhahabu kutoka Bulyanhulu hadi Geita

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa na wengine mmeniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa na deni, na deni lenyewe si la fedha.

Kisa ni hiki. Nilikwenda Geita kumsalimia mjomba wangu, mdogo wake mama. Mjomba ana sehemu yake kwenye duara moja na wenzake, na duara lisipotoa kitu huishi kwa kuokota mawe na kuyapeleka kwenye karasha. Nilimkuta asubuhi chini ya mwembe. "Mwangaluka, mjomba." Akaitikia, akaniuliza habari za mama, kisha akaingia ndani na kutoka na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Ilikuwa habari yangu, jina langu lipo juu kabisa. Aya nane, kuhusu watu walioondolewa kwenye lundo la mawe ya mgodi mmoja.

"Mjomba," akaniambia, "humu umeniita mvamizi mara tano. Nimehesabu."

Nikajitetea. Sikumtaja jina, wala sikujua kwamba alikuwemo. Isitoshe sikutoa maoni yangu, niliandika habari tu. Akanitazama kwa muda.

"Kama hukutoa maoni, hilo neno lilitoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Chuoni tulifundishwa kwamba habari ni habari na maoni yana ukurasa wake. Nikarudi mjini nikiwa na swali moja: je, inawezekana kusoma maandishi na kuonyesha, sentensi kwa sentensi, ni wapi mwandishi amesifu au amelaumu, tena kwa namna ambayo mtu mwingine akiirudia kazi hiyo atapata majibu yale yale? Au kila mtu atasoma na moyo wake?

Kumbe kazi hiyo ipo, na ina historia yake. Lakini kwanza turudi kwenye historia yetu sisi, maana bila hiyo hamtaona kwa nini jambo hili linaninyima usingizi.

Watu wale wale, majina tofauti

Dhahabu ya ukanda huu haikuanza jana. Geita kulikuwa na mgodi mkubwa tangu enzi za mkoloni, ukafungwa mwaka 1966. Kule Bulyanhulu, wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, wachimbaji wa mikono walikuwa wamejaa kabla ya mgodi wa kisasa kujengwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ilikuwa ikinunua dhahabu ya wachimbaji kama hao ili isipite mlango wa nyuma. Wakati huo walikuwa wananchi wanaoiingizia nchi fedha za kigeni.

Mwaka 1994 leseni ya Bulyanhulu ikapewa Kahama Mining, kampuni tanzu ya Sutton Resources ya Canada. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1996 wachimbaji wakaamriwa kuondoka, na mashimo yakafukiwa. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini nimekua nikisikia ubishi uliofuata. Upande mmoja ulidai kwamba watu zaidi ya 50 walikuwa bado chini mashimo yalipofukiwa. Serikali na kampuni zilikanusha kabisa. Barrick ilinunua Sutton mwaka 1999, na mgodi ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Wanasheria wa LEAT, akiwemo Tundu Lissu, waliyafikisha madai hayo hadi nje ya nchi. Mwaka 2002 ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya taasisi za Benki ya Dunia ilipitia madai hayo na kusema hayakuthibitika. Mwaka huo huo Lissu na wenzake walikuwa wakikabiliwa na mashtaka ya uchochezi kwa waliyoyasema juu ya Bulyanhulu.

Angalieni kitenzi kimoja tu: kufukiwa. "Mashimo yalifukiwa" hakuna aliyebisha. "Watu walifukiwa" ndiyo kesi yenyewe. Hapo si suala la sifa wala lawama, ni suala la ukweli, na kila msomaji ana haki ya kudai ushahidi. Lakini pembeni ya kitenzi hicho kulikuwa na maneno mengine ambayo hayakuhitaji ushahidi wowote: wavamizi, wananchi, wawekezaji, wachochezi, wanaharakati. Hayo ndiyo yaliyomwandaa msomaji amwamini nani kabla hajafika aya ya pili.

Songeni mbele. Novemba 2015, wachimbaji watano walitolewa hai katika mgodi mdogo wa Nyangalata, Kahama, baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Nchi nzima ilisimama kuwasikiliza. Siku hizo hakuna aliyekuwa na hamu ya kumwita mchimbaji wa mikono mvamizi.

Machi 2017 serikali ikazuia makontena ya mchanga wenye madini kusafirishwa nje, na baadaye tukazoea kusikia hesabu ya makontena 277. Kabla ya hapo ni Watanzania wangapi walikuwa wakilijua neno "makinikia"? Wengi tulisema mchanga. Ukisema "mchanga", anayeusafirisha nje kwa siri ni mjanja, maana nani asafirishe mchanga? Ukisema "makinikia", unazungumzia bidhaa ya kiwandani. Kamati ya Profesa Mruma ikatoa taarifa yake Mei, ya Profesa Osoro ikatoa yake Juni, na neno "kuibiwa" likawa la kila siku, wakati kampuni ya Acacia ilishikilia kwamba ilitangaza kila kitu. Oktoba 2019 yakatangazwa makubaliano yaliyozaa kampuni ya Twiga, serikali ikiwa na asilimia 16, na "wezi" wa juzi wakawa "wabia".

Na Machi mwaka huo huo wa 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na mchimbaji mdogo akarudi kuwa mtu wa kupongezwa. Ni watu wale wale, jembe lile lile, na matimba yale yale shimoni. Kilichobadilika ni jina.

Waliotutangulia katika kazi hii

Sasa tuje kwenye kupima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani mmoja aitwaye Harold Lasswell aliongoza kikosi huko Washington kilichosoma magazeti na propaganda za nchi mbalimbali na kuhesabu maneno: nani anatajwa, kwa uzuri au kwa ubaya. Waligundua mapema tatizo ambalo mimi nimeligundua juzi. Msomaji mmoja akisema hii ni lawama na mwingine akasema si lawama, hesabu yako ni ya nani?

Mwaka 1960 mwanasaikolojia Jacob Cohen akatoa kipimo kinachoitwa kappa. Wazo lake ni jepesi na nitalieleza kwa mfano wa kubuni. Tuseme mimi na wewe tumesoma sentensi 100 kuhusu wachimbaji. Kila mmoja, bila kumwuliza mwenzake, ameweka alama ya lawama kwenye sentensi 80 na kuziacha 20. Tukilinganisha, tumekubaliana kwenye sentensi 80. Asilimia 80! Si tungejipongeza?

Subiri. Kama kila mmoja wetu angegawa alama zake kwa kubahatisha, mimi 80 na wewe 80, bado tungekutana kwenye lawama mara 64 hivi katika 100, na kwenye zisizo lawama mara 4. Jumla 68 za bure. Tulichopata juu ya bahati ni 12 tu, kati ya 32 ambazo zingewezekana. 12 kwa 32 ni 0.375. Hiyo ndiyo kappa yetu, na haitoshi kumwambia mtu mzima kwamba gazeti fulani linapendelea. Klaus Krippendorff, mmoja wa wakongwe wa fani hii, alishauri kipimo chake kifike 0.8 ndipo utegemee matokeo, na chini ya 0.667 usiseme kitu. Wapo pia waliotoa jedwali mwaka 1977, Landis na Koch, linaloita viwango hivyo "wastani", "kikubwa" na kadhalika, lakini wenyewe walikiri kwamba mipaka hiyo waliichagua tu.

Mwaka 2005 Martin na White, wataalamu wa lugha, wakachapisha kitabu kinachogawa lugha ya tathmini kwa makundi. Kuna hisia, kwamba mtu anafurahi au anaogopa. Kuna hukumu juu ya tabia za watu, kwamba ni wezi au mashujaa. Kuna tathmini ya vitu, kwamba mgodi ni wa kisasa au shimo ni la hatari. Halafu wakatenganisha jambo ambalo kwangu lilikuwa ufunguo: hukumu iliyoandikwa waziwazi, na hukumu ambayo mwandishi anamchokoza msomaji aifikie mwenyewe.

Na msidhani haya ni ya Wazungu tu. Mwaka 2023 ulitoka mkusanyiko uitwao AfriSenti, wa jumbe za Twitter zaidi ya 110,000 katika lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, ambapo wazungumzaji wa lugha husika walisoma na kuamua: chanya, hasi, au katikati. Kompyuta zinazojifunza Kiswahili leo zinajifunza kwa alama za watu kama mimi na wewe. Tukikosea kwa pamoja, nazo zitakosea.

Mimi na mwalimu

Nikamtafuta rafiki yangu niliyesoma naye chuo, sasa ni mwalimu wa Kiswahili Kahama. Tukakusanya nakala za habari za zamani na za sasa kuhusu Bulyanhulu, Geita na vijiji vya jirani, tukagawana kalamu za rangi. Nyekundu lawama, kijani sifa. Kila mtu peke yake, hakuna kupigiana simu.

Siku ya kulinganisha tulicheka, halafu tukanyamaza. Ungedhani tumesoma magazeti tofauti. Yeye alipaka rangi aya nzima nzima, mimi nilipaka neno mojamoja. Yeye alihesabu maneno ya kila aliyenukuliwa, mimi nilihesabu ya mwandishi tu. Kosa halikuwa kwamba mmoja wetu hajui Kiswahili. Hatukuwa tumekubaliana tunatafuta nini.

Sitanukuu gazeti lolote hapa. Hizi ni sentensi za mfano nilizotunga mwenyewe:

"Wavamizi waliondolewa katika eneo la mgodi."

"Wachimbaji wadogo walifukuzwa katika mashimo yao."

"Wanakijiji wanadai kuwa eti ndugu zao walipotea."

Zisome polepole. Katika ya kwanza "wavamizi" ni hukumu ya wazi, lakini "eneo la mgodi" nalo limeshaamua ardhi ni ya nani. Katika ya pili hakuna hata sifa moja, ila neno "yao" limefanya kazi kubwa kuliko sifa kumi. Katika ya tatu kuna "eti", ambayo kila aliyelelewa kwa Kiswahili anajua inamkejeli msemaji. Na "wanadai" je? Hapo tulibishana hadi chai ikapoa. Mwalimu alisema "kudai" kunamtilia mtu shaka. Mimi nikasema ni tahadhari ya mahakama, mhariri angenilaza macho nisipoiweka.

Tukaandika mwongozo. Nautoa hapa kwa sababu yeyote anaweza kuutumia:

1. Weka alama kwenye neno au kirai kifupi kabisa chenye tathmini, usipake sentensi nzima.

2. Andika ni sauti ya nani: ya mwandishi, au ya mtu aliyenukuliwa.

3. Andika inamlenga nani au nini.

4. Andika kama ni ya wazi au ya kuchokoza. Ya kuchokoza ihesabiwe peke yake, maana hapo ndipo wasomaji waaminifu hutofautiana zaidi.

5. Maneno kama "wanadai" na "eti" yana safu yake, ya umbali kati ya mwandishi na maneno anayoyabeba. "Eti" ni kejeli kila mara. "Wanadai" ni shaka pale tu upande wa pili katika habari hiyo hiyo unapopewa "alisema" au "alieleza".

6. Madai ya tukio, hata yawe mazito kama kifo, si tathmini. Yana daftari lake, na swali lake ni ushahidi.

7. Angalia viambishi. "Kijimgodi", "majitu", "vizee" vimeshahukumu kabla ya kivumishi chochote.

Kanuni ya tano ndiyo iliyonipendeza zaidi, maana ilimaliza ubishi bila mmoja wetu kushinda. Hatukuulizana tena neno lina maana gani moyoni mwa mtu. Tuliangalia limegawanywaje ndani ya habari, jambo ambalo yeyote anaweza kulihakiki.

Tukachukua habari mpya ambazo hatukuwa tumezigusa. Hili ni muhimu sana: ukirudia zile zile mlizokwisha bishania, mtakubaliana kwa kukumbuka, si kwa kusoma. Safari hii tulikaribiana sana kwenye tathmini za wazi. Kwenye zile za kuchokoza tukabaki mbali, na tuliandika hivyo kwenye daftari bila kuficha.

Palipogoma

Maneno mawili yaligoma hadi mwisho.

La kwanza ni "wachimbaji wadogo". Tulikubaliana kwamba ni jina la kisheria, lisipewe alama. Nilipompigia mjomba kumweleza, akauliza, "Mdogo kwa nani? Nina miaka zaidi ya 50." Sheria ya madini inazungumzia ukubwa wa leseni na mtaji. Yeye anasikia ukubwa wa mtu. Hatukubadilisha kanuni, ila tuliongeza mstari pembeni kwamba mwenye jina hilo halikubali. Nadhani kazi ya kuaminika haifuti tofauti za namna hii. Inaziandika mahali zinapoonekana, ili anayekuja baadaye ajue namba ile imesimama juu ya uamuzi gani.

La pili, kama mlivyokisia, ni "mvamizi". Mwalimu aliliwekea nyekundu kila lilipotokea katika sauti ya mwandishi. Mimi sikuliwekea hata mara moja. Hoja yangu ilikuwa nzuri: ni neno la kazi, linatumika kwenye taarifa rasmi, linamtaja mtu aliyeingia mahali bila ruhusa. Tukabishana jioni mbili. Mwishowe mwalimu akaniuliza swali la kitoto kabisa: "Ukimkuta mtu anaokota mawe na hujui kama ana ruhusa au hana, utamwitaje?" Nikasema, nitamwita mwokota mawe. "Basi neno lako lina kitu zaidi ya kuokota mawe."

Hapo ndipo niliposema ukweli kwamba mojawapo ya habari tulizokuwa tukisoma ni yangu. Sikuwa nimemwambia. Niliitumbukiza kwenye kapu nikidhani naifanyia haki, kumbe nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha hakimu na cha mshtakiwa kwa wakati mmoja. Tukaongeza kanuni ya nane: mtu asiweke alama kwenye maandishi yake mwenyewe. Habari yangu tukampa mwalimu mwenzake asiyenifahamu, pamoja na mwongozo, bila jina langu juu.

Akairudisha siku ya pili. "Wavamizi" mara tano, zote katika sauti ya mwandishi, zote za wazi. "Mgodi ulieleza" mara mbili, "watu hao walidai" mara moja. Hakuna aliyekamatwa aliyenukuliwa kwa maneno yake mwenyewe.

Mara tano. Hesabu ya mjomba, aliyoifanya kwa kidole chini ya mwembe, na hesabu ya mtu asiyemjua yeye wala mimi, zilikuwa moja.

Sisemi kwamba mjomba alikuwa na haki ya kuwa pale kwenye lile lundo. Huo ni mjadala wa sheria, na kule Geita mvutano juu ya mawe ya mabaki, magwangala kama wanavyoyaita, umedumu miaka mingi na una pande zaidi ya mbili. Ninachosema ni kwamba niliumaliza mjadala huo kwa neno moja kabla haujaanza, nikadhani sijasema kitu. Na kama mimi nimeweza kufanya hivyo kwa watu waliookota mawe, nikiwa na simu mkononi na mjomba wa kunisahihisha, fikirini yaliyofanyika Agosti 1996, wakati Bulyanhulu ilikuwa mbali na habari zilisafiri kwa neno la aliyefika kwanza kwa mwandishi.

Nimemwandikia mhariri wangu kuomba tujadili neno hilo kwenye kikao. Hajajibu bado. Mjomba nimemwambia nitakwenda tena mwezi ujao, safari hii na daftari, nimsikilize yeye na wenzake kwa majina yao kama wataridhia. Akasema niende, lakini niwahi, maana wakishaingia kwenye duara hawatoki hadi jioni.

Nanyi wasomaji, chukueni habari moja ya gazeti la leo na kalamu mbili za rangi, mumpe na jirani nakala yake. Msiongee hadi mmalize. Halafu niandikieni mlikubaliana wapi na mligombana wapi.